Waya Chini ya Kitanda cha Marehemu

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, jua la Kigoma linawaka kweli kweli, nami nasisimka mwili nikimwona mtu aliye hai akikimbiwa kama mzuka.

Ilikuwa miaka ile vita vya Kongo vilipokuwa vikituletea watu kutoka ng'ambo ya ziwa, boti kwa boti. Nilikuwa kijana, nina ofisi ndogo sebuleni kwa bibi yangu, pale mtaa wa Mwanga: kompyuta moja na intaneti ya dishi. Wakimbizi walikuja kuongea na ndugu zao waliotawanyika. Lakini sebule ilitazama barabara, na baadhi ya waliowakimbiza nao walikuwa wamevuka. Watu wakaogopa kusikika. Ndipo nikaweka kompyuta ya pili chumba cha nyuma, nikaivutia waya.

Chumba hicho kilikuwa cha marehemu babu. Kitanda chake cha chuma kilikuwa bado kimetandikwa, maana kwetu vitu vya marehemu havisogezwi mpaka watoto wake wote wakutane, na mjomba wangu alikuwa amekwama vitani huko Uvira. Majirani walimwambia Bibi, asiyekuwapo na lake halipo. Aliwanunia. Basi nikaupenyeza waya chini ya kitanda bila kukigusa.

Mtandao wa chumba kile ulitisha. Mtu ameshafunga mdomo, sauti yake ndiyo kwanza inafika upande wa pili, imekatikakatika. Nilipoileta kompyuta hiyo sebuleni, ilikimbia. Ya sebuleni nikiipeleka nyuma, inalala. Moyoni nilijua ni waya, ingawa taa ya kijani pale ulipochomekwa iliwaka kama ulikuwa mzima. Lakini waya ulipita chini ya kitanda, na kusema babu amekasirika kulikuwa rahisi zaidi. Nikafukiza ubani. Usicheke.

Ndipo akaja Mama Riziki, mjane kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa. Bintiye alikuwa Zambia, ameambiwa mama yake alizama ziwani. Alikataa kukaa sebuleni. Akaongea chumba cha nyuma: "Riziki, ni miye, mama yako." Sauti ikakawia njiani. Kisha tukasikia sauti ile ile ikimrudia kutoka kwa binti, nzito, vipande vipande: ni miye... ni miye... Mtoto akapiga yowe. "Mama alikufa! Wewe nani?" Akakata.

Mama Riziki aligeuka akanitazama. "Hata miye nimeanza kuogopa," akasema, akijishika mikono kama anayehakikisha ipo.

Nikamwambia Bibi kwamba babu amekikataa chumba.

"Babu yako alikuwa mkali," akajibu, "lakini hakuwahi kumnyima mtoto mama yake. Wewe unaogopa nini?"

Nikanyoosha kidole kitandani. Bibi akakikaribia, akalaza kiganja juu ya shuka. Nikaelewa kwamba kukiondoa kitanda kile ni kukubali kwamba mwanawe harudi. Kisha akakunja shuka, akashika upande mmoja. "Shika huko."

Siku ile nilipouvuta, waya ulikuwa umeingia kati ya mguu wa chuma na ukuta, ukabanwa mpaka ukapondeka. Nikaweka mwingine.

Tukapiga tena. Tuliomba sana binti asikate. "Mama yangu aliniitaje nikiwa mgonjwa?" akauliza.

"Kasuku wangu," Mama Riziki akajibu papo hapo. Binti akaanza kulia, na mara hii kilio kilifika kikiwa kizima.

Mjomba hajarudi mpaka leo.

Basi mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako. Ukiongeza chumba na mtandao ukakokota, badilisha kitu kimoja kimoja, na usiridhike na taa ya kijani. Fuata waya wote kwa mkono, hasa pale unapoona aibu au hofu kugusa. Waheshimu wafu, lakini usiwatwike uzembe wako, kwani aliye hai anaweza kupotea akikungoja. Mola akulinde, akupe moyo wa bibi yangu, na mtoto wako asiisikie sauti yako akaiogopa. Amina.