Mwenye Mwili Mkubwa Hashonewi Gunia

Siku niliyoingia Kitengela mara ya kwanza naikumbuka kwa baridi iliyokuwa mifupani mwangu, mwanangu, maana nilikuwa nimesafiri siku mbili juu ya magunia ya mahindi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, na lori la jirani yetu wa Kimilili lilikuwa linapeleka mahindi Athi River. Likaharibika Timboroa, mvua ikatunyeshea, tukasukuma, tukalala njiani, tukapita Nakuru tukiwa rangi moja na udongo. Dereva alinishusha kwenye barabara ya Namanga asubuhi na kuninyooshea kidole upande wa kwa dada yangu. Niliona tambarare, vibanda vya mabati, mbuzi wakivuka lami kama wenye barabara, na katikati ya vumbi lile mwanamke mmoja mkubwa akija amevaa nyekundu. Kabla sijaona uso nilijua ni Nekesa. Dada yangu alikuwa anatembea kama mtu aliyeitwa mbele kupewa zawadi.

Tangu wakati huo nimezunguka sana. Nimeishi Kiserian, nimeishi Namanga, nimeishi Isiolo, na bado sijapata mji wa kunikalisha. Miaka arobaini na kitu haijanifanya mzee wa kupewa kiti. Lakini kila nikisikia msichana mnene akiambiwa, "Vaa nyeusi, inapunguza," hasira inanirudisha Kitengela ya miaka ile ya tisini. Kwa hivyo nivumilie.

Kwetu magharibi, mtoto wa kike akinenepa, watu walimshukuru mama yake. Nekesa alizaliwa wakati wa mavuno, ndiyo maana ya jina lake, na nyanya yetu alizoea kusema kwamba mavuno yenyewe yalikwenda kukaa mwilini mwake. Alikuwa mtoto wa kusifiwa. Akaolewa na Wafula, mtu mpole aliyefanya kazi kiwandani Athi River, wakapanga nyumba Kitengela, wakazaa watoto wanne, wa kwanza Nafula, ndipo watu wakamwita Mama Nafula. Huko ndiko alikokutana na watu waliokuwa wameamua kwamba mwili wake ni makosa. Sijui walikoyatoa hayo, labda kwenye magazeti. Kila mtu alikuwa na shauri. Mama Nafula, usivae mshipi. Mama Nafula, hiyo nyekundu inakuongeza. Mama Nafula, funika mikono. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameulizwa! Asiyekujua hakuthamini, lakini hawa walikuwa wanamjua, wanakula kwake, na bado wanampima kwa macho kama nyama buchani.

Mimi nilianza kuuza mitumba sokoni, na sisi wauzaji tulikuwa na desturi moja ambayo leo nikiikumbuka inanichemsha. Ukifungua mtumba wa magauni, yale makubwa hayatundikwi, hata yawe ya kitambaa kizuri namna gani. Yanatupwa chini kwenye rundo, na mafundi wa cherehani wanayachukua kwa bei ya kutupa ili wayakate. Gauni moja kubwa linatoa sketi mbili, ama nguo tatu za watoto. Huko lilikotoka lilishonewa mwanamke mnene ili apendeze. Likifika kwetu linakuwa kitambaa tu kinachongoja makasi. Na wanawake wanene wa Kitengela je? Hao walivaa vitu vipana vya rangi ya majivu, kama magunia yenye shingo, kwa sababu walidhani hakuna kingine kinachowatosha. Kumbe kilichowatosha tulikuwa tunakikata mbele ya macho yao.

Sasa, Nekesa na mumewe walikuwa hawajafunga ndoa ya kanisa. Ng'ombe walishapelekwa kwetu zamani, lakini baraka za mchungaji zilikuwa bado. Mwaka ule wakaamua kubariki ndoa yao huko Kajiado, kwa mchungaji aliyewabatizia watoto. Wiki chache kabla ya siku yenyewe nikafungua mtumba, na katikati yake nikavuta gauni la harusi. Jeupe, mikono wazi, kiuno kimebanwa, na kubwa. Sikulitupa kwenye rundo. Nililikunja, nikampelekea dada yangu.

Akalivaa, na zipu ikapanda bila mtu kuzuia pumzi. Kioo chetu kilikuwa kidogo, ikabidi nikishike nikikishusha polepole ili ajione mabega, halafu kifua, halafu kiuno. Alicheka tu, cheko la chini, kama msichana.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Wafula alikuwa na dada anayeitwa Roda, karani wa ofisi moja Nairobi, na huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Jumapili ya mwisho kabla ya harusi kamati ikakaa sebuleni kwa Nekesa, ikinywa chai ya Nekesa, ikalitazama gauni lililotundikwa mlangoni.

"Mama Nafula," Roda akasema, "wewe uko na watoto wanne. Na huo mwili, mikono wazi kanisani? Utatuaibisha. Tumekutafutia suti ya kahawia, iko na heshima. Hii gauni iko na kitambaa mingi, itatoa nguo za watoto wa maua wote watatu."

"Na itabaki ya pazia!" mwingine akadakia, na sebule nzima ikacheka.

Nilimtazama shemeji Wafula. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna samaki humo. Nekesa akakusanya vikombe vilivyokuwa vitupu, akauliza, "Niongeze chai?" Basi. Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kesho yake Nekesa alikuwa darasani, maana alifundisha watoto wa chekechea. Mimi niko kwenye kibanda changu, namwona Roda, aliyechukua likizo ya harusi na kulala kwa kaka yake, ng'ambo ya njia, kwenye baraza ya Fundi Mutiso, analitandaza gauni mezani. Nikavuka.

"Dada Roda, hiyo ni ya Nekesa."

"Kijana, rudi kwa mitumba yako. Mambo ya harusi ni ya wanawake."

Fundi Mutiso alikuwa ameshachora mstari wa chaki kutoka bega hadi pindo. Aliponiona nimesimama mbele ya meza akainua mabega. "Mimi ni mkono tu, kijana. Kichwa ni wao."

Sikubishana. Nilikimbia hadi chekechea, nikamwita dada yangu nje, nikamwambia. Alimwachia mwenzake darasa, akaja jinsi alivyo, chaki vidoleni, anahema kwa mwendo. Tulipofika makasi yalikuwa yamefunguliwa juu ya pindo.

"Fundi," akasema bila kupaza sauti, "toa makasi hapo."

Fundi akayatoa upesi sana, nadhani alikuwa anaomba mtu amwambie hivyo.

"Mama Nafula, si tulikubaliana?" Roda akauliza.

"Mlikubaliana. Mimi nilikuwa nawapatia chai."

"Sisi tunakusaidia! Mtu mnene anajifunika."

"Hata nikijifunika, Roda, bado mnaniona."

"Kwani unataka watu waone nini?"

"Wanione mimi."

Akachukua gauni, akaingia nyuma ya pazia la fundi. Alipotoka alikuwa amelivaa, na mstari wa chaki ukimkata toka bega hadi chini, na viatu vyake vya darasani miguuni. Nilidhani analijaribu tu. Hapana, mwanangu. Akashuka kwenye baraza na kuingia barabarani, mchana kweupe, akielekea nyumbani.

Kazi zote zilisimama. Makanga mmoja wa matatu akapiga mluzi, "Mathe! Harusi ni leo?"

"Ni Jumamosi! Leo naipeleka nyumbani tu!"

Watu wakacheka, na lilikuwa cheko zuri. Lakini vijana wawili kwenye duka la kanda za muziki wakapiga kelele, "Lori ya unga hiyo!" Nekesa akageuka bila kusimama. "Lori ya unga ndio mnapangia foleni, watoto wangu!"

Kulikuwa na mama wa Kimaasai aliyeuza maziwa karibu na fundi, mtu mzima, shanga hadi mabegani, tuliyemwita Yieyo, yaani mama. Aliutazama umati uliokuwa unanong'ona, akamuuliza Roda, "Huyu anaolewa?"

"Ni harusi yake Jumamosi," Roda akajibu kwa uchungu.

"Basi mbona mnamwangalia kama mwizi? Kwetu siku ya kuolewa mwanamke anavaa kila shanga iko nyumbani. Hakuna mtu anamwambia apunguze."

Roda hakungoja kusikia zaidi. Alitupita akakimbilia nyumbani, na tulipofika alikuwa ameshamsimamisha mlangoni kaka yake, aliyekuwa zamu ya usiku wiki ile.

"Chagua, Wafula. Avae suti ama mimi na wenzangu hatusimami na wewe Jumamosi. Watu watatucheka mpaka Nairobi!"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Dada yangu alisimama uani, jasho likimtiririka, vumbi limepanda kwenye pindo, akimtazama mumewe. Hakumwomba. Alisema tu, "Jana ulinyamaza, Baba Nafula. Leo ukinyamaza nitavua, na hiyo suti utamvalisha mwingine."

Wafula alikuwa mtu wa maneno machache, na yaliyotoka nayahifadhi hadi leo.

"Roda," akasema, "zile ng'ombe nilipeleka Kimilili, nilipelekea huyu mzima. Sikupelekea nusu."

Jumamosi tulikwenda Kajiado kwa basi la kukodi. Roda alikuja, ila alikaa nyuma na wenzake, nyuso kama mawingu yasiyo na mvua. Watoto wa maua walivaa nguo zao za Jumapili, kila mmoja rangi yake, na hakuna aliyekufa. Mlangoni mwa kanisa mama mmoja wa kukaribisha wageni alimletea Nekesa leso, akimnong'oneza, "Ya kufunika mikono, mama." Dada yangu akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda mbele, akapangusa nayo vumbi la kiti, akaketi. Mchungaji mwenyewe alilazimika kukohoa ili asicheke.

Baada ya hapo wanawake wakaanza kuja kibandani kwangu mmoja mmoja, wakizungumza chinichini kama wanaotafuta dawa. "Uko na kama ile ya Mama Nafula?" Nilikuwa nayo. Niliyatoa magauni makubwa kwenye rundo la makasi, nikayatundika mbele kabisa, mekundu, ya kijani, ya maua makubwa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Nilimwona mama mmoja akilia mbele ya gauni la zambarau kwa sababu alijua hata kabla ya kulijaribu kwamba litamtosha. Niambie, ni nani aliyempa mtu haki ya kumfanya mwenzake alie kwa kutoshwa na nguo?

Niliondoka Kitengela kwa mara ya mwisho miaka ya elfu mbili, ukuta ulipoanza kuzunguka kila kiwanja na miguu yangu ikaanza kuniwasha kwa hamu ya safari. Nekesa alinisindikiza hadi kituoni, amevaa manjano. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ile barabarani, hakuogopa?

"Niliogopa sana," akasema. "Magoti yalikuwa yanagongana. Lakini gauni lilikuwa refu."

Gari likaondoka, na sijarudi kuishi huko tena.

Basi, mwanangu, sikiliza. Usingoje woga uishe ndipo uvae unachokipenda. Vaa, woga ukufuate nyuma. Anayekuambia ujifunike kwa sababu ya heshima, muulize ni heshima ya nani. Usikubali kukaa kimya ukimimina chai huku watu wakipanga namna ya kukukata uwatoshe. Na ukipata mume, ama rafiki, ama fundi, angalia kama anakutaka mzima. Nanyi wa kiume mnaosoma haya, msimalize maisha mkitazama ndani ya vikombe.

Mungu akupe rangi unazozipenda na mwili wenye afya wa kuzivalia. Akupe njia pana, uipite katikati, si pembeni. Na kila mlango utakaoingia, wenye nyumba wasimame kukupokea.