Mnara Ulionishtaki kwa Usingizi

Siku hiyo tulikuwepo watano kwenye geti la mnara wa simu, kilimani juu ya kijiji chetu cha Kihagara, kando ya ziwa: msimamizi wa walinzi, aliyeshuka kutoka Mbinga mjini na viatu vilivyochongoka, fundi wa mitambo, mwenyekiti wa kijiji, shangazi yangu, ambaye hakualikwa, na mimi, mlinzi wa usiku. Mlinzi wa mchana, shemeji yake msimamizi, hakuwepo. Angekuja akishamaliza uji.

Kikao kilikuwa cha kunifukuza. Kazi yangu ni kuwasha jenereta umeme ukikatika, na ndiyo inayowalisha wadogo zangu tangu tulipomzika mama nikaacha shule. Mnara una kifaa kinachomtumia msimamizi ujumbe kila unapozima. Akausoma kwenye simu kama anasoma Injili: umezima 02:15, umezima 02:40.

"Saa nane usiku, bwana mdogo. Ulikuwa wapi?"

"Hapa, macho. Usiku ule umeme haukukatika, mzee."

"Kwa hiyo mashine inasema uongo, na wewe wa darasa la saba unasema kweli?"

"Huo ujumbe ulikufikia saa ngapi?" akauliza mwenyekiti.

"Jana asubuhi, baada ya chai. Mtandao wa huku ziwani unachelewa."

Basi tukauonea huruma ujumbe unaopanda milima ya Umatengo kwenda Mbinga kwa miguu hadi kunakucha.

Hapo umeme ukakatika. Mwenye zamu alikuwa bado na uji wake, kwa hiyo mshtakiwa ndiye aliyekimbia kuwasha jenereta. Niliporudi, simu ya msimamizi ilikuwa imelia. Mnara umezima, 04:20.

"Saa kumi alfajiri," akasema kwa mazoea.

"Alfajiri ipi, baba?" Shangazi akauliza. "Na hilo jasho linalokutoka ni umande?"

Ilikuwa saa nne asubuhi. Fundi akainamia kifaa, kisha akatueleza bila kututazama. Saa ya kifaa ilipaswa kujirekebisha kwa kufuata saa ya makao makuu, lakini siku alipokifunga mtandao ulikuwa haujaunganishwa, akaiweka kwa mkono, na hakuirudisha tena kwenye kujirekebisha. Alimuuliza msimamizi ni saa ngapi, akajibiwa saa mbili asubuhi, akaandika mbili. Tangu hapo mashine ilihesabu saa kama sisi, na msimamizi akaisoma kama Mzungu. Ile saa nane ya usiku ilikuwa saa mbili asubuhi, zamu ya shemeji.

Ghafla jambo likawa dogo.

"Makosa ya mitambo tu," msimamizi akasema, akitafuta funguo za pikipiki. "Endelea na kazi."

Mwenyekiti akamshika mkono. "Ndugu, hapa kijijini ukimsingizia mtu mbele ya watu, unarudi mbele ya watu haohao na kuku, unasema nimekosa."

"Nitaleta Jumamosi."

"Jogoo," Shangazi akasema. "Usituletee kifaranga."

Jumamosi nyingi zimepita. Huja kukagua, hunisalimia akiwa juu ya pikipiki, wala hazimi injini. Shemeji yake bado ana zamu ya mchana. Mimi niko getini. Jogoo wangu bado yuko Mbinga.