Shimo la Mawese Nililolinywesha Mrututu

Siku moja naikumbuka kuliko ninavyopenda, Mwanangu, na leo umenilazimisha kuifukua. Nimesikia kwamba wewe na wenzako wa kikundi cha kumenya kahawa mmenunua dawa ya kumwaga kwenye shimo la maji machafu pale mtoni, ati shimo linanuka. Nimekasirika. Nimekasirika hata chai imenishinda, na unajua mimi na chai. Kaa chini.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Maguu wananitania kwamba nikifika Mbinga mjini naulizia gari la kurudi kabla sijashuka kwenye lile lililonileta. Lakini ujanani nilipata kuondoka, na aliyeniondoa ni marehemu mke wangu, binti wa kule chini ziwani, upande wa Chiwanda. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia: chama cha ushirika kimelala, kila mwenye injini anafungua mashine yake. Kule ukweni tajiri mmoja akafungua mashine ya kukamua mawese, nami kwa kuwa nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, chenye D ya Biolojia, nikafanywa msimamizi. Ile D niliitembeza kijiji kizima kama mtu anayeuza jogoo.

Sasa, mawese yakishakamuliwa hubaki maji mengi, ya moto, machachu, yenye mafuta mafuta. Maji yale yaliingia kwenye shimo kubwa, yakakaa humo wiki nyingi yakitoa mapovu polepole, kisha yakavuka kwenda shimo la pili, na la tatu, ndipo yakaingia kijitoni yakiwa yamepoa na kutulia. Na kijito kile, Mwanangu, ndicho walichopanda samaki waitwao mbasa kutoka ziwani kila masika kwenda kutaga mayai. Nyumba ya mama mkwe wangu iliishi kwa mbasa hao. Waliwala wabichi, wakawabanika, wakawala tena kiangazi.

Mama mkwe ndiye aliyelianzisha shimo lile. Siku lilipochimbwa alileta ndoo za tope jeusi kutoka kwenye shimo la zamani la ndugu zake, waliokuwa wakikamua mawese kwa mikono, akamwaga humo kama mtu anayetia chachu kwenye pombe. Walio ndani ya tope hilo aliwaita wenyeji. Asubuhi ya baridi alisema wenyeji wamelala. Tukizidisha maji alisema wenyeji wamevimbiwa, punguzeni. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu. Wenyeji gani, nami nachungulia shimo sioni hata chura? Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani angemwambia msimamizi.

Basi tukapata habari kwamba bwana afya anakuja kukagua. Tajiri akaniambia shimo linanuka, lishughulikie. Nikakumbuka darasani: bakteria ni kipindupindu, bakteria ni kuhara, bakteria ni kifua kikuu. Hakuna aliyeniambia kwamba wako bakteria wenye kazi zao. Au labda niliambiwa, nikawa nimesinzia. D haiji bure. Nikapanda gari hadi hapa nyumbani. Sisi watu wa kahawa, jani likipata doa, dawa ni moja: mrututu, ule unga wa bluu tunaochanganya na chokaa na kupulizia. Mti unapona. Nikasema, kinachoponya mti kitashindwaje na shimo? Nikachukua nusu gunia alilokuwa amelificha baba yangu, nikateremka nalo ziwani, nikalimwaga lote shimoni. Nilimwaga nikipiga mluzi, Mwanangu. Huo mluzi bado unaniuma.

Mapovu yakakoma. Harufu ikapungua siku mbili. Bwana afya akaja, akaona maji yametulia kama maji ya ubatizo, akasifu, akatia sahihi kwenye daftari. Kiongozi hodari, akasema. Na mimi nikafurahi, mjinga na sahihi yake.

Siku ya nne mafuta yakaelea juu ya shimo, yakaganda kama utandu wa uji. Maji mapya yalipoingia hayakumkuta wa kuyashughulikia. Yakapita shimo la kwanza, la pili, la tatu, yakaingia kijitoni jinsi yalivyotoka mashineni, na mrututu wangu humo humo. Juma lile mvua zikaanza. Mbasa wakaja kama walivyozoea. Wakafika mlangoni mwa kijito, wakafia hapo, matumbo juu, wamejaa mayai.

Kwao, mama mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso. Akiwa na neno, huliambia kitu kingine, nawe unasikia. Alikuja mashineni na mbasa mmoja ndani ya ndoo, akaiweka ndoo katikati yetu, akageukia ukuta.

"Ndoo, mwulize msimamizi amewapa nini wenyeji."

"Ndoo," nikasema, "mwambie mama nimeweka dawa."

"Ndoo, mwulize dawa ya ugonjwa gani."

Watu wa mashine wakaacha kazi. Hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nioe: akageuka, akanitazama usoni.

"Wewe," akasema. "Ulikuta watu wanafanya kazi ukawaua, kwa kuwa hukuwaona."

Akaondoka bila kuchukua ndoo. Heri angenipiga.

Nilichimba shimo jipya kwa mikono yangu, na tope la kuanzishia nikalifuata kwa wale ndugu zake, mwendo wa asubuhi nzima ufukweni, ndoo kichwani, linanichuruzikia shingoni, na kila nyumba wakinipokea kwa heshima, karibu msimamizi. Mapovu yalirudi baada ya miezi. Mbasa hawakurudi. Masika yaliyofuata hawakupanda, wala yaliyofuata hayo. Mama mkwe alikuwa akienda kutazama, anarudi na kapu tupu, na mwaka aliokufa kijito kilikuwa hakijaona mbasa hata mmoja. Alinisamehe kwa maneno, mbele ya padri. Kapu sikuweza kulijaza.

Kwa hiyo usiniambie habari za harufu. Shimo linalofanya kazi linanuka, kama mtu anayefanya kazi. Likizidi, ujue mmelilisha kupita kiasi: punguzeni maji, chimbeni la pili, leteni tope kutoka shimo la zamani, mngoje. Kungoja hakuna picha ya kupiga na simu, najua. Hiyo dawa irudisheni dukani leo, kabla jua halijazama, na mkiona aibu semeni mzee mkorofi wa Maguu amewatuma. Na kabla ya kuua kitu usichokiona, uliza kinafanya kazi gani; na ukikosa wa kumwuliza, kaa na mikono yako mfukoni.

Nimekufokea kwa sababu nakupenda. Mungu akupe mkono mzito wa kumwaga na mwepesi wa kuchimba, na mto huu uwafikie wanao ukiwa hai. Nenda sasa.