Kidole Gumba Yangu Haiko kwa Karatasi ya Lado

Jamani, kichwa yangu inakataa. Lado, fundi wa milango ya chuma hapa mtaa wa Munuki, kweli tumemzika?

Watu yangu wa Facebook, mnanijua. Juba hii hakuna mzee anashinda mimi kwa mdomo. Leo mdomo ni chungu.

Tulirudi kutoka Uganda pamoja, juu ya lori ya mihogo. Yeye alibeba nyundo. Mimi nilibeba hadithi.

Nyumba yake, bati ya kwanza nilipiga mimi! Ya pili pia. Ya tatu nikaanguka. Lado alicheka mpaka bibi yake, Keji, akamletea maji.

Halafu msimu wa mvua iliyopita akaniita. "Mzee, weka kidole hapa, wewe ndiyo shahidi. Nimeandikisha kwa loya: nikifa, nyumba ni ya Keji na watoto."

Mimi nikacheka. "We mwanaume, unaita kifo na kalamu? Kunja hiyo takataka, tukunywe chai!"

Akakunja. Tukakunywa chai. Wallahi, ilikuwa tamu.

Sasa sikieni. Siku ya tatu ya kilio, mikeka bado iko chini, kaka mkubwa wa Lado akafika na kufuli mpya. Mtu hajaleta hata msumari moja kwa hiyo nyumba!

"Mali ya ndugu yangu ni yangu," anasema. "Na Keji pia, kama anataka kukaa."

Keji akamwangalia. "Shemeji, mimi si kiti."

Mimi nikaruka. "Lado aliacha wosia! Mimi ni shahidi!"

Yule fisi akachukua karatasi kwa mkono ya Keji, akageuza. "Kidole yako iko wapi, mzee?"

Nikaangalia kidole yangu: safi, hakuna wino. Mimi! Mdomo kubwa ya Munuki, naificha mfukoni kama mwizi.

Redio kila siku: sheria ya mirathi itarekebishwa, mjane atapata haki. Itarekebishwa, itarekebishwa, kalam fadi! Maneno tupu! Sheria inatembea na magoti. Kufuli inakuja na boda.

Nyinyi wakubwa wa kuvaa tai shingoni, mkikufa leo, bibi zenu watalala wapi? Mnangoja nini?

Na wewe kaka wa Lado, najua unasoma hii. Jumatatu tuko kwa korti ya chifu. Nitasimama mbele ya watu wote, niseme: Lado alitaka, mimi nilisikia, mimi mjinga nilimzuia. Aibu ni yangu. Nyumba ni ya Keji.

Wanaume wenye karatasi chini ya godoro, leteni leo. Naweka kidole bure. Ile ile naandika nayo hapa.

Lado, ndugu yangu, nisamehe ile chai.

Lala salama, usisikie kelele ya kaka yako. Amesimama nje na kufuli yake. Ule mlango ulichomelea mwenyewe, Keji amefunga kwa ndani.