Shuka ya Koko

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sina haja ya kuficha. Mtoto akikohoa tu, mimi tayari natafuta viatu vya kwenda hospitali. Binti yangu wa kwanza alifika darasa la pili tukiishi Noonkopir, mtaa wa Kitengela huko Kajiado, miaka ya tisini ikielekea kuisha, na bado nilikuwa nampeleka shule nimemshika mkono kama kuku wa sokoni. Wenzake walienda peke yao na walimcheka mpaka akachoka. Jioni moja alitupa mkoba kwenye kiti akasema, "Mama, kesho ukinipeleka, siendi."

Woi! Nilikosa pa kukaa. Kitengela ya siku hizo ilikuwa uwanja mtupu, nyumba moja hapa, nyingine kule, na pundamilia wakipita katikati kana kwamba ploti zote ni zao. Nikamwambia baba yake kuna simba amekula mbuzi wa watu upande wa mbuga.

"Huyo simba anakula mbuzi," akanijibu, akiendelea na chai yake. "Hajaanza kula darasa la pili. Wacha mtoto aende."

Basi nikakubali, lakini kwa mdomo tu.

Asubuhi, binti yangu akivaa soksi, nilikimbia kwa jirani yetu, mama mzee wa Kimaasai ambaye kila mtu alimwita Koko, yaani nyanya. "Takwenya," akanisalimia. "Iko," nikajibu haraka haraka, nikamwomba aniazime shuka.

"Ya nini?"

"Baridi, Koko."

Akaangalia jua, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. Hakuuliza tena. Alinipa shuka nyekundu, akaniongezea na fimbo yake. Nikajifunika kichwa, nikainama mgongo, nikaanza kumfuata binti yangu kwa mbali. Nilijiona mjanja sana.

Kumbe nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtu wa Kajiado analijua. Kwa Wamaasai, mtoto hampi mkubwa mkono. Anainamisha kichwa, mkubwa anamwekea kiganja utosini, salamu imekwisha. Hata watoto wetu sisi wa kuja walikuwa wameshika desturi hiyo. Mimi na leso yangu ya kila siku sikuwa nimewahi kuletewa hata kichwa kimoja, lakini sasa nilikuwa nyanya mwenye shuka na fimbo. Watoto wa shule waliponiona tu, wakaja mbio. Kichwa hiki, kichwa kile! Nagusa huyu, yule anasukuma mwenzake afikiwe. Haki, nani atakataa kichwa cha mtoto? Nikawa nasalimia kama mgeni wa heshima, huku jicho moja likimtafuta wangu.

Alikuwa mbele, anatembea kwa madaha. Alimwinamishia kichwa mzee mmoja aliyekuwa akitoa ng'ombe. Mama Msomali wa dukani, akifungua mlango wake, alimwita, "Leo umeachwa?"

"Nimekuwa mkubwa!" akajibu kwa sauti.

Mimi niliyekuwa nikimshika mkono kila siku sikujua ana marafiki wengi hivyo. Nilifurahi, na nikaona wivu kidogo.

Halafu akageuka. Akaniona. Nikatafuta kichaka cha kujificha, na uwanja ule haukuwa na hata kimoja. Akarudi mpaka mbele yangu, nikaangalia chini. Akainamisha kichwa.

Nikamwekea mkono juu ya mistari ya nywele niliyomsuka mwenyewe jana yake. Alitulia pale muda mrefu kidogo kuliko salamu inavyotaka, kisha akakimbia kwenda shule.

Jioni, tukila ugali na sukuma, alimsimulia baba yake safari nzima. Nikajitia kuuliza, "Na yule nyanya uliyemsalimia, ulimjua?"

"Alikuwa amevaa slipa zako," akasema.

Baba yake alicheka mpaka akapaliwa. Mimi uso ulinichoma. Nikamuuliza, kama alinijua, mbona alirudi?

"Nilikuona umeogopa," akasema, akichovya ugali. "Nikakuletea kichwa ndio utulie."

Mimi nilijifanya naenda kuongeza chumvi, nikalia kidogo jikoni, kilio kizuri tu.

Kesho yake alisimama mlangoni na mkoba wake, akainamisha kichwa. Nikamwekea mkono, halafu nikautoa. Akaenda zake, nami nikakunja shuka nikampelekea Koko.