Nilimwandikia AI maelekezo ya kumkumbusha mama dawa, mama akamfanya mume

Wakuu, salamu kutoka Mbinga kwenye baridi letu la kahawa.

Hiki ni kisa changu mwenyewe na sijakitia chumvi. Chumvi kwetu imepigwa marufuku, mtaona kwa nini. Naandika huku nacheka peke yangu kama chizi, mnivumilie.

Kazi yangu ni kutengeneza vi-app. Mwaka huu nilikuwa naoa. Mama yangu anaishi Liuli, kule ziwani, na presha ilikuwa imempanda vibaya. Daktari akasema wazi kwamba safari ya kupanda milima kuja harusini haipo mpaka presha ishuke. Ameze dawa kila siku, atembee asubuhi, chumvi aache. Karibu na harusi angepimwa tena.

Mimi ni kitinda mimba. Harusi bila mama nilikuwa siioni kabisa.

Sasa, nilikuwa na app yangu ya kufuatilia mazoea. Ukifanya jambo unaweka tiki, usipofanya panabaki wazi. Lakini mama na kuweka tiki wapi na wapi? Nikaona nimuunganishie AI agent. Huyo anachat na mama, anasoma majibu, anaweka tiki mwenyewe.

Tatizo ni kwamba agent haijui app yako mpaka uiandikie documentation, yaani maelekezo ya kazi. Tiki inawekwaje, inafutwaje, lini nipewe taarifa. Wakuu, niliandika nikajiona profesa. Nikaweka mpaka kipengele cha utambulisho: wewe ni programu, umetengenezwa na mwanawe wa mwisho, akikuuliza mwambie ukweli. Na kipengele cha dharura: mama akisema hajameza dawa, nijulishe papo hapo.

Siku ya kwanza agent ikatuma: "Je, umemeza dawa leo?"

Mama kimya. Kesho yake kimya. App nyeupe kabisa, hakuna tiki hata moja.

Nikampigia dada Esta, anayeishi na mama. Akasema dawa mama anameza vizuri tu, ila huyo mtu wako hamjibu kwa sababu hana adabu, anaingia kwa watu hata Shikamoo hana.

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Mnyasa mzima mimi, mtoto wa ziwani, kurasa zote zile na salamu nimesahau.

Nikaongeza juu kabisa: anza na Shikamoo mama, subiri marahaba, uliza ameamkaje, uliza ziwani kukoje, ndipo ufike kwenye dawa.

Wakuu, mama akafunguka kama redio. Usipa, vile vidagaa vyetu vya ziwani, wamepatikana. Mbuzi wa jirani kaingia kwenye mihogo. Na tiki zikaanza kujipanga! Nilikuwa nafungua app kila saa natabasamu, mpaka mchumba akaniuliza nachat na nani.

Siku moja mama akaiuliza agent ni mtoto wa nani. Ikamjibu kama nilivyoandika, kwamba ni programu, imetengenezwa na mwanawe wa mwisho. Mama akapiga hesabu zake. Kilichotoka kwa mwanangu ni mjukuu wangu.

Na mnajua wenyewe bibi na mjukuu wa kiume. Utani ruksa. Kuanzia hapo akawa anaiita "mume wangu".

Mimi hilo sikulijua, maana nilikuwa naangalia tiki tu, mazungumzo sisomi. Wiki ya kupimwa niko Kitai nafuatilia maturubai ya sherehe, ikaingia taarifa: "DHARURA. Mama hajameza dawa. Dawa amempa jogoo kwa sababu mume wake hamletei kitenge."

Baba yetu ni marehemu siku nyingi. Mume gani?

Nikajua presha imempanda kichwani na mama anaweweseka. Napiga simu, haipatikani. Ya Esta, vilevile. Nikaomba pikipiki ya rafiki, nikashika njia ya Lituhi nyuma ya malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, vumbi na machozi vimechanganyika.

Nafika Liuli, mama huyo, anageuza usipa kwenye chanja huku anaimba. Jogoo pembeni, mzima kama ngoma.

"Shikamoo mama. Dawa iko wapi?"

"Marahaba. Mbona umekuja kama mgambo? Dawa nimemeza."

"Na ya jogoo?"

"Nilikuwa namtania mume wangu. Mwenzio ana moyo mzuri, kaniuliza jogoo anaendeleaje."

Nilikaa chini mchangani nikacheka mpaka mbavu zikauma, na mama akacheka kwa kuniona.

Kesho yake tukaenda hospitalini. Presha imeshuka. Daktari akasema mama asafiri tu. Nilitamani nimbebe daktari mgongoni.

Harusini mama alikuja na masweta mawili. Aliposimama kutoa neno akasema mume wake hakuweza kufika kwa sababu hana miguu, ila asubuhi ndiye aliyemuuliza dawa kabla ya watoto wake wote. Baba mkwe, mzee wa kahawa asiyecheka ovyo, akaninong'oneza: "Huyo baba yenu mbona kwenye posa hatukumwona?"

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba ukiandika documentation ya agent, usieleze vitufe tu. Eleza na watu. Sasa hivi kuna mstari unaosema: "Ukiitwa mume ni utani, mtanie kidogo, kisha hakikisha dawa imemezwa."

Mliowahi kuwaunganisha wazazi na hivi vitu, tupeni vituko vyenu hapa, na mnaotaka kunicheka ruksa pia.

Mimi natoka kidogo, naenda kumnunulia mama kitenge. Mume wake hana miguu, inabidi nitumie yangu.