Mchumba wa Ordinateri na Foni ya Bunyakiri

Mimi shule niliacha mapema, lakini katika vita hii, hapa Nguba, nani mwingine ana foni yake mwenyewe, hii redio ya kuongea na watu wa mbali, na tena ordinateri, kompyuta nzima? Wenye diplome ndio wanakuja kwangu kuomba kuongea na ndugu zao.

Asubuhi ile Maman Zawadi alikaa barazani akingoja sauti ya mume wake, aliyekimbilia pori upande wa Bunyakiri.

"Papa, iko kimya bado?"

"Tulia, maman. Mashine ni yangu, naijua."

Kumbe nilikuwa nacheza. Ordinateri ina mchezo wa kuposa: msichana anakuonyesha picha iliyokatwa vipande, ukiipanga vizuri anakubali kutembea na wewe. Vipande vilinishinda, nikaanza kumbembeleza kwa sauti ya chini. "Sheri, mpenzi wangu, nionee huruma. Niko tajiri, bibi niliyemuoa hatajua."

Foni ile, ukifinya kitufe cha mikro, wa upande wa pili anakusikia tu, hawezi kujibu mpaka uachie. Ningeangalia kiwiko changu kililala wapi, leo nisingekuwa na majuto haya.

Picha ilipokamilika niliinua mikono kwa furaha. Hapo hapo sauti ya mwenye foni wa Bunyakiri ikatoka, ikasikika mpaka barazani:

"Papa, tumekusikia wote. Sheri amekubali? Mume wa Maman Zawadi alikuwa hapa, amekuita mpaka amechoka. Askari wanakaribia, amerudi pori. À vous, zamu yako."

Maman Zawadi aliingia, akasimama nyuma yangu. Msichana alikuwa bado anatabasamu kwenye kioo cha ordinateri.

"Ni huyu?" akauliza.